Kopo la Tatu

Zamani kwetu Wairaqw mjane alitengwa. Hagusi mtu wala chombo cha mtu. Kutengwa huko tulikuita metimani. Mimi nilipofiwa niliombewa kanisani Ganako, sikutengwa. Mwaka huu nimetengwa na kopo.

Nina virusi, natumia dawa mwaka wa tisa, na kinga yangu imeshuka. Vedasto, mpimaji wa zahanati, alikuta vimelea vya kuharisha kwenye choo changu. Akasema, "Mama Adrian, mtoto mchanga usimguse. Nataka makopo matatu ya choo mfululizo, vimelea sifuri. Kwa mtu kama wewe vinajificha leo, kesho vinatoka."

Mjukuu wangu, mtoto wa Adrian, alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Siku kumi na tisa nimemwona kupitia dirishani tu. Wifi yangu Dorkasi ndiye anayemwogesha.

Makopo mawili yalitoka sifuri. Asubuhi ya la tatu tumbo likanguruma, nikaogopa vimerudi. Dorkasi akacheka.

"Lete hilo kopo nikujazie. Mimi nameza hata mawe, wifi."

"Huo ni uongo."

"Ni choo tu! Mungu atakuuliza habari za choo?"

Nikasali. Kisha nikampa kopo. Vedasto alipopita kulichukua, nikamkabidhi kama langu.

Saa nane mchana Vedasto alirudi na pikipiki, hata kofia hakuvua. "Pole, mama. Vimelea hamsini na mbili. Hujawahi kufika hapo. Tunaanza upya."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikinyamaza, naanza upya na hakuna atakayejua. Nikisema, huenda akaniondoa kwenye upimaji, nami nibaki dirishani. Ng'ambo ya ua nikasikia maji yanamiminwa kwenye beseni, Dorkasi anamwimbia mtoto pambio.

Hamsini na mbili, na mikono ile.

"Wifi! Mrudishe mtoto kwa mama yake! Unawe kwa sabuni!"

"Una nini wewe?" akajibu. "Wivu?"

Nikamgeukia Vedasto. "Lile kopo si langu, mwanangu. Ni lake."

Uso uliniwaka. Dorkasi akatokea na povu mikononi, akamtazama Vedasto, akanitazama mimi, akaificha mikono nyuma.

Vedasto akafungua mkoba, akatoa makopo mawili. Moja akampa Dorkasi. La pili akaliandika jina langu, na chini yake: kopo la kwanza.