Gitaa la Kamakea na Nyasi Zilizolowa

Mwenye mtoto anayepiga gitaa la umeme na asikie haya.

Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na nyasi za uani kwa bibi, kule mtaa wa Kalihi, zilikuwa zimelowa. Wailana alimkuta binti yake Kehau amekaa pekupeku, gitaa mapajani, mkononi kipande cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi. Marehemu babu yake ndiye aliyeliunda gitaa hilo, kama alivyounda mengine mengi, akachonga jina lake mwenyewe kwenye kichwa cha gitaa: Kamakea. Spika ilikuwa kuukuu, waya wake umechubuka.

"Kehau, vaa kandambili!"

"Mama nawe! Babu alipiga pekupeku miaka arobaini."

"Barazani, kwenye mbao kavu! Vidole havikuwashi kwa umeme?"

"Kidogo tu. Bibi anatimiza themanini leo, niache nimpigie."

Hiyo 'kidogo tu' ilimtosha Wailana. Alikwenda ukutani akachomoa waya wa spika. Wimbo ukakatika, wageni waliokuwa wakila wakabaki na vijiko hewani.

"Shemeji, umetuharibia sherehe!" akalalamika ndugu wa mumewe.

"Bora nipoteze sherehe kuliko mwanangu."

Kehau machozi yakamlengalenga. Bibi akaburuta kiti, akainama, akaweka sikio juu ya gitaa.

"Piga, mjukuu wangu. Babu yako akimaliza kuunda gitaa, alikuwa akinipigia hivi hivi kwanza, bila umeme."

Kehau akapiga. Sauti ilitoka ndogo mno, hata wageni wakaacha sahani zao wakasogea mmoja mmoja. Wailana naye akapiga magoti kwenye nyasi, akamvisha binti yake kandambili, polepole, asije akamkatizia wimbo mara ya pili.