Tajiri wa Kichwa Chekundu

Madereva wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu tangu aanze kushika usukani hakuwahi kumgonga hata kuku. Aliendesha malori ya watu mpaka mvi zikamwota, na muda wote huo alikuwa na ndoto moja: na yeye siku moja aitwe tajiri, kama madereva wanavyomwita mwenye gari.

Kwa hiyo bosi wa yadi ya malori aliyokuwa akiifanyia kazi alipomwita ofisini, akamvutia kiti na kumwambia kwamba mtu wa aina yake hafai kuzeeka akiendesha mali ya mwingine, Taratibu hakuhitaji kubembelezwa. Angekodishwa kichwa cha lori, kile chekundu, na kodi ingekatwa kila wiki kwenye mizigo atakayobeba. Baada ya miaka minne gari lingekuwa lake. Alitia saini siku ileile. Wenzake wakampa mkono, wakamwita tajiri, wakamdai soda, naye akawanunulia wote.

Aliyeipokea habari hiyo kwa shingo upande ni dada yake mkubwa, aliyemlea wazazi wao walipofariki na ambaye hadi leo alimwita "mtoto" mbele za watu. Aliuliza swali moja tu: siku akichoka, ataomba ruhusa kwa nani? Taratibu alijibu kwamba mwenye gari haombi ruhusa. Dada akasema haya, akaendelea kukuna nazi.

Haikuchukua muda akaanza kuelewa. Zamani tairi likipasuka, alipiga simu kwa tajiri na kujilaza kivulini. Sasa tairi lilipasukia mfukoni mwake. Mkataba haukumruhusu kubeba mzigo wa mtu mwingine yeyote ila wa yadi ile, na yadi ndiyo iliyopanga bei. Gari likilala gereji, kodi haikulala. Kuacha nako hakukuwezekana, maana arudishaye gari kabla ya muda hupoteza yote aliyokwisha kulipa, na kadiri alivyolipa ndivyo alivyozidi kuogopa kuacha. Mke wake akamzoea kama sauti ya simu. Kitanda chake kikawa kile kigodoro nyuma ya kiti. Maji ameshayavulia nguo, alijiambia, hana budi kuyaoga.

Mwishoni mwa mwaka wa tatu, akiwa barabarani na shehena ya vigae, mke wake alimpigia. Dada kifua kimembana tangu juzi, hospitali hataki kusikia, na leo amepokea simu hata sentensi moja hakuimaliza. Mji aliokaa dada ulikuwa mbele tu, pembeni kidogo ya njia. Taratibu alimpigia binti wa ofisini anayepanga safari, akamwomba nusu siku. Binti alimweleza kwa upole kwamba yeye si mwajiriwa tena, kwa hiyo hakuna wa kumpa ruhusa wala wa kumnyima. Ila mzigo unasubiriwa. Taratibu alimshukuru, akakata kona.

Mtaa wenyewe haukujengwa kwa trela. Alipenya kwa kunyata, kuta zikiwa karibu na vioo, hadi mlangoni kwa dada. Jirani, fundi cherehani mwenye futi shingoni, ndiye aliyemfungulia. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja magotini, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija.

"Umekuja na lori, mtoto?"

"Ndilo nililonalo, dada."

Yeye na fundi walimbeba, wakampandisha ngazi za gari kwa shida, wakamwegemeza kwa mito kwenye kile kigodoro. Taratibu akazungusha ufunguo. Taa ziliwaka, injini ikanyamaza. Akajaribu tena na tena. Hapo akakikumbuka kile kidude kilichofungwa chini ya dashibodi: gari likitoka njiani, ofisi ina uwezo wa kulizima kutoka hukohuko iliko.

Fundi alikuwa ameshaita teksi. Ilifika, ikasimama nyuma ya trela. Lori lilikuwa limeuziba mtaa mzima kama kizibo cha chupa.

Safari hii simu ilipokewa na bosi mwenyewe. Taratibu alimweleza kwamba ndani mna mgonjwa.

"Pole sana," bosi alisema. "Rudi njiani, nitaliwasha."

"Naenda hospitali kwanza. Gari si langu, bosi?"

"Litakuwa lako. Bado."

Taratibu alimtazama dada. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Angeweza kudanganya, aseme anarudi njiani, lakini wangemwona akikunja kona na kumzima tena katikati ya barabara. Aliacha ufunguo ukining'inia na vigae bila mlinzi, akamteremsha dada, akamweka mgongoni kama dada alivyombeba yeye utotoni. Akajibana ubavuni mwa trela, hatua kwa hatua, shati likikwaruza ukuta, mpaka kwenye teksi.

Hospitali walimvalisha dada barakoa ya hewa, na baada ya saa nyingi pumzi ikamrudia. Daktari alisema ni homa ya mapafu, na kwamba wangechelewa kidogo tu angekuwa na maneno mengine ya kuwaambia. Simu ya Taratibu iliendelea kutetema mfukoni. Bosi alituma ujumbe: gari lisipoondoka leo, anatuma dereva mwingine, na mkataba umekwisha.

Dada alisogeza barakoa pembeni. "Nenda."

"Siendi."

"Umebakiza mwaka, mtoto. Nenda."

Alikwenda. Mtaani alikuta watu wamekasirika na vigae viko salama, kwa kuwa fundi alitoa cherehani yake nje, akashona palepale karibu na trela. Alimpigia bosi kwamba anarudi njiani, na injini ikawaka mara moja, kana kwamba haijawahi kugoma. Alirudi nyuma polepole, akiwaomba watu radhi dirishani, akashika njia.

Mkewe alisafiri kwenda kumwuguza dada, na dada akapona. Siku hizi Taratibu akimpigia kumjulia hali, anajibiwa haraka kwamba ni mzima, ahangaike na safari yake. Hukata simu na kuendelea kuendesha, asijue kama ameambiwa kweli.