Moja Mpaka Mwisho

"Moja," Mama akasema, akabonyeza kompyuta. "Moja tena."

Nje, ukungu ulikuwa umelalia theluji ya mwisho ya Machi, na fleti yetu ya Fridley, huku ughaibuni, ilikuwa kama inaelea. Mama yangu, Saadia, ndio kwanza alikuwa ametoka shifti kwenye nyumba ya wazee. Hata viatu hajavua, na tayari ananipima mimi bintiye kwa alama za moja hadi tano. Je, ni mbunifu? Moja. Huongoza wenzake? Moja.

Fomu ile ilikuwa ya chuo. Ulitakiwa ujipime mwenyewe, kisha kompyuta ikuoneshe kazi inayokufaa. Mimi nimelelewa Kimombasa, kujisifu ni kukosa adabu, basi nikajipa mbili kila mahali. Bi Goretti, mshauri wetu, Mkenya mwenzetu, aliitazama safu ile iliyonyooka akacheka hadi akavua miwani.

"Fathiya, haya si mambo ya posa, mbona umejiinamia hivi? Kampe mama yako akujazie. Na Ijumaa nataka jibu, nafasi yako ya uuguzi haitangoja."

Uuguzi! Mama aliutaka tangu nikiwa darasa la tatu. Mimi sikuutaka hata kidogo, ila nilichokitaka sikukijua jina, sasa ningemwambia nini?

"Mama, moja mpaka mwisho?"

"Ulitaka nikutangaze humu? Watu wana macho ya husuda, mwanangu."

"Basi sifai kitu. Hata kwako."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka paani, tone baada ya tone. Mama akaifunga kompyuta taratibu, akavua mtandio wake akaifunika, kama anayefunika chakula cha mgeni.

"Sasa haituoni," akasema, na sauti akaishusha. "Mashaallah, mashaallah. Tangu una miaka tisa, barafu ikianza kulegea ziwani wewe hutulii. Unaniachia vyombo, unakwenda kusimama ukingoni mpaka meno yanagongana. Siku inapoyeyuka yote, unarudi unaandika tarehe ndani ya mlango wa kabati. Nani alikutuma? Hakuna. Tukahamia mji wa Blaine, tukarudi huku kwenye fleti nyingine. Ati tarehe hizo ulidhani zimehama zenyewe?"

Nikaenda jikoni, nikafungua kabati. Miaka kumi ya barafu ilikuwa pale kwa penseli. Kila mwaka nilikuwa nikiongeza mstari wangu chini bila kuitazama ya juu. Mistari saba ya mwanzo haikuwa mwandiko wangu, ulikuwa wa Mama. Nikalia, sikuweza kujizuia.

"Kuna kazi ya mambo hayo?" Mama akauliza.

"Sijui."

"Kaulize. Ijumaa bado."

"Na uuguzi?"

Akavua kiatu kimoja. "Huo nilikuwa nautaka mimi."

Siku hizi kazi yangu ni kupima mito na barafu. Tukiwa kwenye harusi za watu wetu, mtu akimuuliza binti yake anafanya nini, Mama hujibu, "Ah, anashindashinda huko majini tu," halafu huuliza kama biriani liko tayari. Na chini ya meza anaubana mkono wangu mpaka unauma.