Baba wa Nakala ya Tatu

Saa kumi kamili alasiri Baba alitoka kwenye seva, akakaa kwenye kiti chake cha kona, akauliza kama chai imeiva au bado inajifikiria. Mama akamwambia angoje kama watu wengine. Kitinda alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la televisheni, tochi mdomoni, na hakugeuka. Alikuwa anaisikiliza diski. Diski ilikuwa inagonga, tk, tk, tk, kama mgeni anayekumbusha kwa adabu kwamba ana miadi kwingine.

"Baba, leo unajisikiaje?"

"Mzima. Ila goti hili linakuja na kuondoka."

Kitinda akachungulia. Goti la kushoto kweli lilikuwa linakuja na kuondoka.

Baba alipiga video za harusi kwa miaka thelathini. Alipofariki aliacha studio moja yenye mlango wa bluu kando ya barabara, na kanda mia nne na ushei. Kitinda, kitindamimba wake, ndiye aliyekuwa akimshikia taa, akimkatia picha, na akiwaambia maharusi watabasamu kana kwamba wanapendana. Alikaa miezi saba akizihamisha kanda zile moja moja kwenye kompyuta isiyo na skrini, wakaiita seva, ili nyumba nzima iweze kuziangalia kwenye televisheni. Siku kanda ya mwisho ilipoingia, Baba akaja kunywa chai. Mama alilalamika siku hiyo tu, kwamba hakuambiwa mapema na sukari ilikuwa kidogo.

Baba huyu alijua yaliyomo kwenye diski, basi. Maharusi wote aliwajua kwa majina, bei ya nyama hakuijua. Enzi zake alikuwa na mazoea ya kujaribu maiki kwa kusema lolote lililomo kichwani, na mojawapo ya majaribio hayo alilirekodi Jumapili moja, karibu na mwisho. Kwa hiyo kila Jumapili, katikati ya chai, alikohoa, akasema:

"Moja, mbili. Moja, mbili. Studio hii namwachia Kitinda, maana ndiye anayeijua kazi. Ufunguo huu hapa."

Kisha anatoa ufunguo mfukoni, anampa. Ufunguo ulikuwa wa chuma, na mlango wa bluu uliufungua vizuri tu. Kitinda alikuwa na funguo kama hizo kumi na mbili, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hakuzihitaji, maana studio alikuwa anaifungua kila asubuhi kwa ule wa zamani.

Kaka yake, kila Jumapili ilipofika hapo kwenye "moja, mbili", alikumbuka kuna mtu wa kumpigia simu, akatoka barazani. Waliomwita Injinia hawakumkosea. Alisomea uinjinia mwaka mzima, akarudi na kikokotoo.

Sasa diski ilikuwa inagonga, na Kitinda akaitisha kikao.

"Zinatakiwa nakala tatu," alisema. "Mbili hapa nyumbani, za aina mbili tofauti, na moja nyumba nyingine kabisa."

"Tatu za nini?" Injinia akauliza. "Baba ni mmoja."

"Kaka, diski ni kifaa. Kifaa kinakufa."

"Na Baba naye alikufa. Si huyo hapo anakunywa chai?"

Kitinda akahesabu moja hadi kumi, akafika saba. Wakaanza kujaribu. Injinia alileta flashi aliyopewa bure kwenye semina. Baba akaja kuanzia kiunoni kwenda juu, akanywa chai akielea, na chai ikaishia kwenye mto wa kiti. Wakajaribu kuhifadhi mtandaoni. Baba alikuja, akafungua mdomo, akasema "Mke wangu, leo nili", akabaki hivyo mpaka kesho yake bando lilipoongezwa. Mama alimfunika shuka, nzi wasimwingie. Wakajaribu diski ile isiyozunguka, ya bei mbaya. Baba alifika saa tisa na nusu, akanywa maji yaliyokuwa bado hayajachemka, akaondoka. Tena diski ilikuwa ndogo, harusi ziliishia mwaka wa tisa wa kazi, Kitinda hajazaliwa bado, kwa hiyo alipopishana na Kitinda mlangoni alimsalimia kama mtu wa kusoma mita.

"Huyo hapana," Mama alisema. "Hata ujanani hakuwa na haraka hivyo."

Mwishowe Injinia akaamua, kama alivyokuwa akiamua tangu wakiwa wadogo, yaani kwa kununua bila kuuliza. Akaja na sanduku jeusi lenye diski mbili kubwa, nzima, zinazonakiliana papo hapo.

"Zinaakisiana. Ikifa moja, nyingine ipo. Bakapu ndiyo hiyo, tumemaliza."

"Hiyo siyo bakapu, kaka. Hicho ni kioo. Ukifuta huku, kule nako kumeshafutika."

"Sasa nani atafuta?"

Swali lilikuwa zuri.

Kesho yake saa kumi wakatoka Baba wawili. Walikaa pamoja, wakanyanyua vikombe pamoja, wakauliza pamoja kama sukari imekwisha nchini. Magoti yote manne yalikuwa imara. Mama akaongeza kiti na kusema kwamba mmoja tu alikuwa anamtosha, lakini afadhali wawili kuliko yule wa nzi. Injinia akatafuta nywila ya seva, akaibadilisha, akasema ni kwa usalama.

Kitinda alikuwa ameshafanya lake. Kabla ya sanduku kuingia nyumbani alinunua diski ya tatu, ya kawaida, akanakili kila kitu, akaipeleka kwa shangazi yake, mtaa wa pili. Shangazi ni fundi cherehani. Akaiweka kwenye droo ya chini, chini ya mabaki ya vitambaa.

"Anakula?" Shangazi aliuliza.

"Chai tu, shangazi. Ukitaka aje, unachomeka waya."

"Aje. Alikuwa na deni la kunisikiliza."

Zikapita wiki tatu. Jumapili ya nne, nyumbani, Baba wawili wakakohoa katikati ya chai. "Moja, mbili," wakasema. "Moja, mbili." Kisha wakaendelea na chai.

Kitinda akangoja. Injinia siku hiyo hakuwa na simu ya kupiga. Alikuwa anakula mkate.

"Baba," Kitinda akasema, "na studio?"

"Studio gani?" wakauliza wote wawili, kwa upole.

Akamgeukia kaka yake.

"Nilisafisha kidogo," Injinia akasema. "Yale mafaili ya kujaribu maiki yanakula nafasi."

"Kaka. Lile ni la sekunde tisini. Mule ndani kuna harusi yenye urefu wa saa kumi na mbili, ya watu walioachana kabla keki haijaisha."

"Harusi ni kumbukumbu, mdogo wangu. Lile lilikuwa jaribio."

Jumatatu mlango wa bluu ulikuwa na kitasa kipya, na ndani kulikuwa na bwana mmoja anapanga makava ya simu kwenye rafu ya taa. Bwana huyo hakuwa na kosa. Alikuwa amekodishiwa na Injinia, na alimkaribisha Kitinda vizuri, akamwonyesha kava lenye kipepeo.

Kitinda akaenda kwa Shangazi, akachomoa diski ya tatu, akaileta nyumbani ndani ya mkoba wa vitambaa. Saa kumi wakawa Baba watatu. Wa tatu alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana viti vilikuwa vimekwisha, na kabla hajapewa kikombe akakohoa. Haikuwa hata Jumapili. Labda aliona hali.

"Moja, mbili. Studio hii namwachia Kitinda, maana ndiye anayeijua kazi. Ufunguo huu hapa."

Baba wawili wakamtazama kama wanavyomtazama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

"Mama, umesikia," Kitinda alisema.

Mama alikuwa anachuja chai. Alichuja ya kwanza, akachuja ya pili, akafikiria, akachuja ya tatu.

"Nimesikia, mwanangu. Lakini huyu ni wa mwezi uliopita. Mtu anabadilisha mawazo."

"Hakubadilisha. Amefutwa!"

"Hawa wawili wanasema hawajui kitu. Yeye ni mmoja." Akampa kikombe Baba wa tatu, kwa heshima zote. "Halafu kaka yako ana watoto. Wewe utaolewa, utakuta studio huko."

"Kwani wanaume wanaoa na studio?"

"Tusibishane," Injinia akasema, na akasimama. "Mashine ndiyo iamue. Tuiunganishe hiyo na sanduku. Ya karibuni inaisahihisha ya zamani, wote wanakuwa sawa, nyumba inatulia."

Akanyoosha mkono kuchukua waya. Kitinda aliwahi. Alichomoa diski huku Baba wa tatu akiwa ndiyo kwanza anapuliza chai, na kikombe kikabaki hewani kidogo, kisha kikashuka taratibu juu ya ndoo bila kumwagika. Mama akasema huo ndio ustaarabu, siku hizi vikombe vinavunjwa ovyo.

Tangu hapo diski ya tatu haijatoka kwenye droo ya Shangazi. Haiunganishwi na chochote. Nyumbani Baba wawili wana afya njema. Sanduku likianza kugonga, Injinia humpigia simu Kitinda, humwita mtaalamu wetu, na Kitinda huja, hubadilisha diski, hunywa chai na wazazi wake watatu. Mwenye makava ameongeza rafu.

Jumapili huenda kwa Shangazi. Saa kumi Baba hukaa kwenye stuli ya cherehani, hulalamikia sukari, hukohoa, husema maneno yake, humpa ufunguo.

"Studio inaendaje?" huuliza.

"Ipo, baba."

"Mlango usiubadilishe rangi. Watu wamezoea bluu."

"Sibadilishi."

Jumapili iliyopita kopo la maziwa halikufunga. Shangazi akafungua kabati la jikoni, akamwuliza anataka kopo la ukubwa gani. Kitinda akapiga hesabu: ufunguo mmoja kwa wiki, wiki hamsini na mbili, na diski ikitunzwa vizuri inakwenda miaka mitano. Akachagua la lita tano. Kisha akaomba na la pili, la kuweka nyumba nyingine.