Dakika Tatu za Kgotla

Kocha wetu, Rre Ditsele, alikwenda Gaborone siku nne kusomea uongozi, akarudi hafai. Kabla ya hapo alikuwa mkali, anafoka mpaka mishipa inamtoka, lakini timu yetu ya mpira wa pete ilikuwa inashinda. Sasa alikuwa na daftari lenye kanuni tisa, na aliyoipenda kuliko zote ilisema kiongozi husikiliza kwanza, husema mwisho. Eti kama kgotla, baraza la kijiji ambako chifu hafungui mdomo mpaka kila mwanakijiji amalize. Sawa. Ila kgotla huchukua kutwa nzima, na mapumziko yetu ni dakika tatu.

Mechi ya mwisho tulitakiwa kushinda, la sivyo tunashuka daraja. Robo ya tatu iliisha tukiongoza kwa mabao manne. Sethunya, mlinzi wetu wa mwisho, alirudi benchi akichechemea, goti limevimba. Akiba yake ni mimi. Nilishavua jaketi.

"Rre, niingie?"

"Taratibu, Keneilwe," akasema, mikono nyuma, chifu wa kujipachika. "Hili ni la wote. Tuanze na mkubwa wetu."

Mkubwa alikuwa Mma Nkwe, mpishi wa timu. Akasimama, akatusalimu wote, akawashukuru na waamuzi.

"Ya mpira siyajui, wanangu. Ila uji wa asubuhi mmebakiza nusu sufuria. Mtaruka na nini?"

"Asante, Mma. Mwingine."

Nahodha Gofaone akamshukuru Mma Nkwe kwa maneno mazito, kisha akaanza habari za sare kubana mabegani.

"Goti, jamani!" nikapayuka. "Hamlioni goti la mwenzenu?"

"Zamu yako bado, mama," akasema kocha.

Filimbi ikalia. Hakuna lililoamuliwa, kwa hiyo Sethunya akarudi uwanjani na goti lake bovu. Mfungaji wao mrefu akawa anadaka mipira juu ya kichwa chake kama anachuma mapapai. Kila nilipoinuka, kocha aliniashiria nikae: kikao hakijafungwa. Tukafungwa kwa bao moja. Daraja likaenda. Sethunya alianguka chini analia, anatuomba radhi, yeye! Hapo ndipo nilipomchukia yule mwanamume.

Akatukusanya, uso mkavu. Ndipo nikaelewa utamu wa kanuni yake: asiyeamua hakosei.

"Uamuzi ulikuwa wetu sote," akasema. "Kila mmoja aeleze alipokosea, mimi nitamalizia."

Mma Nkwe alikuwa anafunga sufuria zake. Kocha akanigeukia.

"Keneilwe, si ulikuwa na haraka ya kusema? Haya, sema."

Mdomoni nilikuwa na matusi ya kutosha wiki nzima. Nikayameza. Nikamshika Sethunya bega moja, Gofaone akashika la pili, tukaanza kutoka, na wenzetu wote wakatufuata. Rre Ditsele alibaki amesimama na daftari lake, anasubiri mtu aanze.