Kopo Namba Tisa na Macho ya Shemeji

Usiku wa kuamkia leo niliota setilaiti nne zimekuja kwangu kunywa chai. Zilibisha hodi vizuri, zikavua viatu mlangoni, zikakaa kwenye kochi kwa kubanana. Nilizitambua mara moja kwa sababu zilikuwa na rangi ya bati jipya na hazikuacha kunitazama.

"Karibuni," nikasema. "Sukari vijiko vingapi?"

"Kwanza tukubaliane wewe uko wapi," ikasema ile kubwa.

"Niko hapa. Nimeshika birika."

Zikatazamana, zikapiga hesabu kwa vidole. "Uko mita tatu kutoka hapo ulipo," ikasema. "Upande wa jikoni."

Sikubisha, maana mita tatu ni kosa la kawaida. Nikaweka birika mezani, nikatembea mita tatu, na kweli nilikuwa pale, nimesimama karibu na ndoo ya maji. Nilionekana nimechoka kidogo. Tukasalimiana, tukarudi sebuleni pamoja.

Hapa inabidi nieleze, kwa kuwa si kila mtu anaujua mchezo wetu. Tunaficha makopo. Unachukua kopo lenye kifuniko cha kubana, unatia ndani kijidaftari na penseli, unalivika sura ya mahali, liwe gome au jiwe au kipande cha kigae, kisha unalificha na kuweka mtandaoni namba za mahali lilipo. Mwenzako anakuja na simu yake inayoongozwa na setilaiti, anahangaika, analiona, anaandika jina na tarehe, analirudisha kama alivyolikuta. Zawadi hakuna, ila vijitu vya kubadilishana: ukichukua kitu, weka kitu. Hapa Njombe tuko sita tu, na watu wakituona tumeinama msituni wanaamini tunatafuta rupia alizozika Mjerumani. Kuna bwana mmoja ametufuata na jembe tangu mwaka juzi.

Mimi ni mfichaji. Nilichora ramani za viwanja kwa miaka thelathini na moja, nikastaafu, lakini maringo ya kazi hayakustaafu. Shemeji Eliudi, mume wa mdogo wangu Yusta, ni mtafutaji. Ameendesha malori ya mbao maisha yake yote na sijaona mtu mwenye jicho kama lake. Makopo yangu manane aliyaona yote bila jasho. La tisa limemshinda. Alikwenda mara ya kwanza, akaandika "sikuliona". Akaenda ya pili, vilevile. Mara ya tatu alishinda msituni kutwa nzima, akarudi na miba kwenye sweta, akaniuliza taratibu, "Shemeji, una hakika na namba zako?"

Nikamjibu, "Mimi sikosei. Labda macho yako, shemeji."

Nilikuwa natania. Yeye hakuuchukua kama utani. Tangu siku hiyo amekwenda kwa daktari wa macho, amemkabidhi Yusta funguo za gari, na amemkubalia mwanawe wa Dodoma aje Jumamosi amchukue akaishi naye huko moja kwa moja, kwenye nyumba yenye uzio na geti. Anasema mzee asiyeona kopo leo, kesho hataona korongo. Maneno yale yaliniuma, lakini nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonifanya nilale vibaya.

Turudi kwenye ndoto. Setilaiti zimemaliza chai.

"Tumekuja kwa ajili ya kopo namba tisa," inasema ile kubwa. "Limetuandikia barua. Linasema liko peke yake. Namba zako zinataja mahali pamoja, lenyewe linataja pengine."

"Namba zangu hazina kosa," nikasema.

Zote nne zikaweka vikombe chini kwa pamoja. "Sisi tuko juu kabisa, tunaona kila kitu, na bado tunakosea mita tatu," ikasema ile ndogo, bila hasira. "Wewe unakosea ngapi?"

"Sikosei."

Zikavaa viatu, zikaaga, zikapita darini bila kuharibu dari.

Nikachukua mkoba wangu ili nielekee msituni. Nilipofungua mlango nikakuta soko la viazi limejaa watu, saa nne asubuhi. Hapo nikaikumbuka kanuni ya mchezo: mwenda koponi asionekane na wasiojua. Soko zima lilikuwa la wasiojua. Kwa kuwa kujificha ndiyo kazi yangu, nikajigeuza gunia la viazi, la lumbesa kabisa, lililojazwa kupita mdomo, lenye kilemba cha nyasi juu, nikasimama mstarini na magunia mengine.

"Dada," likaniuliza gunia la kushoto, "wewe ni viazi vya wapi?"

"Mimi ni mstaafu."

"Hongera," likasema. "Sisi wengine bado tunachimbwa."

Kisha naona Shemeji Eliudi anakuja. Anatembea kwa kugusagusa ardhi kwa fimbo. Anafika mbele yangu, anapapasa, ananikalia.

"Kamwene, baba," mwenye viazi akamsalimu. Alikuwa mama mnene mwenye sweta mbili. "Pumzika tu. Unatafuta nini?"

"Nilikuwa natafuta kopo, mama. Sasa sitafuti tena."

"Kopo la nini tena, baba yangu? Si nikupe ndoo?"

"La shemeji yangu." Akakuna goti. "Mimi nilikuwa naona mbawala barabarani kwenye ukungu wa saa kumi na moja alfajiri. Lori lina mbao tani kumi nyuma, na mbawala nimemwona. Sasa kopo linanishinda."

"Labda halipo."

"Lipo," akasema. "Yeye hakosei."

Nilitamani kusema kitu. Lakini kanuni ni kanuni, na gunia likizungumza mbele ya wateja linapunguza bei ya wenzake. Nikakaa kimya na uzito wake wote juu yangu, nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia nikiwa mtu. Aliponyanyuka kwenda zake ndipo nilipomtazama usoni. Macho hayakuwepo. Kope zilikuwa zimejilaza tu, kwa adabu, kana kwamba zimeambiwa zisubiri.

"Macho yake yako wapi?" nikalinong'oneza gunia.

"Yamo kwenye kopo lako. Si mna kanuni yenu, ukichukua kitu weka kitu? Alichukua maneno yako. Ikabidi aache cha thamani ileile."

Kabla sijajibu, nikanunuliwa. Mnunuzi alikuwa mti wa mpaini, mrefu, mpole, ambaye hakuomba hata kupunguziwa. Ukaniweka begani, ukavuka barabara ya lami ukiangalia kulia na kushoto, ukanipeleka msituni kwao, ukanitua.

"Toka tu humo," ukaniambia. "Huku sote tunajua."

Nikatoka guniani. Simu yangu ikasema nimefika. Mbele yangu palikuwa na jiwe, lile lile nililolichagua mwenyewe mwaka jana, bapa, lenye ukungu wa kijani ubavuni. Lilikuwa limevaa miwani na linasoma kijidaftari.

"Shemeji yako alinipindua mara kumi na saba," likasema bila kuinua kichwa. "Kila mara alinirudisha kama nilivyokuwa. Mtu mstaarabu sana."

"Kopo liko wapi?"

"Ulilihamisha."

"Sijalihamisha."

"Masika. Maji yalikuwa yanapita hapa chini yangu. Ukasema ngoja nilisogeze, nikifika nyumbani nitabadilisha namba. Ulipofika nyumbani ukakuta maharage yako tayari."

Nikayakumbuka maharage yale. Yalikuwa yameungwa vizuri sana. Nikakumbuka pia matope kwenye magoti yangu, na mikono yangu ikilibeba kopo kupanda mteremko, na jinsi nilivyojisifu kwa lile ficho jipya. Mfichaji yeyote anayesogeza kopo lazima abadilishe namba siku hiyohiyo. Huwa nawafundisha wenzangu hilo, na nikiwafundisha nanyoosha kidole.

"Hatua kumi na moja," likasema jiwe. "Kupanda."

Hatua kumi nilizipiga vizuri. Ya kumi na moja ilikuwa imekaa chini, ikakataa. Ilisema haiwezi kutembea na mtu wa aina yangu. Nikaiomba radhi, nikaibeba mgongoni, tukafika.

Kopo lilikuwa limejibana kwenye shina, kwenye pacha ya mizizi, na gome lake limeshikana na gome la mti kiasi kwamba hata mimi nililigusa mara mbili ndipo nikaamini.

"Wewe ni kopo namba tisa?"

"Mimi ni gome," likajibu.

"Una kifuniko."

"Kila mtu ana kifuniko."

"Nilikuvika gome mimi mwenyewe. Nilitumia gundi ya mbao, siku mbili."

"Basi ulinivika mno," likasema. "Tangu masika hakuna aliyeniita kopo. Mwanzoni nilikuwa najikumbusha kila asubuhi. Baadaye mtu unazoea."

Nililionea huruma sana. Nikalifungua taratibu. Ndani kulikuwa na kijidaftari kisichoandikwa hata jina moja, na chini yake, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri usiingie unyevu, macho mawili ya Shemeji Eliudi. Yalikuwa safi, yenye afya, na yalinitazama bila kinyongo. Hilo ndilo lililonivunja moyo. Laiti yangenikasirikia.

Nikanyoosha mkono.

"Ukichukua kitu, weka kitu," likasema kopo. "Cha thamani ileile."

Nikatoa filimbi. Halikutaka. Nikatoa hereni zangu zote mbili. Likatikisa kifuniko. Nikatoa kalamu yangu ya kuchorea ramani, ambayo katika miaka thelathini na moja sijawahi kumwazima mtu, hata mkuu wangu wa kazi. Likaipima muda mrefu.

"Imekaribia," likasema. "Bado."

"Unataka nini basi?"

"Ile sentensi yako."

"Ipi?"

"Unaijua."

Nikaketi chini. Nikatia vidole kinywani, nikaitafuta. Ilikuwa imekwama kooni kama mwiba wa perege, ikatoka kwa kukohoa, neno moja kwanza, halafu la pili: *Mimi. Sikosei.* Nikaitazama kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, na upande mmoja ilikuwa imelika. Nikaona aibu kwamba kitu kidogo vile ndicho nilichokipendelea kuliko macho ya mtu.

Nikaiweka ndani ya kopo, nikachukua macho.

"Hapo sawa," likasema.

Nikafunga kifuniko. Kipande kimoja cha gome kilikuwa kimeachia, basi nikachota utomvu uliokuwa ukichuruzika kwenye mpaini, nikakibandika, nikakibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada mpaka kikashika. Nikalirudisha kama nilivyolikuta.

"Sasa mimi ni kopo tena?" likauliza.

"Ndiyo."

"Basi mtu aje."

Macho yakapepesa kiganjani mwangu, mara moja, na nikaamka.

Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Ukungu ulikuwa umefunika dirisha lote, na redio ya jirani ilikuwa inasoma bei ya mahindi. Nilitaka kufikicha macho nikashindwa, kwa sababu kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimegandana na cha shahada. Nikavitenganisha kwa nguvu, nikanusa. Utomvu wa mpaini, mbichi. Sijagusa mpaini tangu Aprili.

Nilikwenda jikoni kusugua kwa mafuta ya taa. Haukutoka wote. Nikakaa kwenye kigoda, nikampigia simu Shemeji Eliudi kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama, shemeji. Yusta anapanga nguo zangu hapa. Mwanangu amesema atawahi, hataki kuendesha usiku."

"Shemeji, kopo namba tisa nililihamisha. Wakati wa masika. Sikubadilisha namba." "Macho yako hayana kitu. Kosa ni langu mimi."

Nilisikia pumzi zake, na mlango wa kabati unafungwa upande wa pili. Nilingoja anitukane. Nilistahili.

"Kwa hiyo pale nilipokuwa natafuta..."

"Hapakuwa na kitu."

"Siku zote tatu?"

"Siku zote tatu, shemeji. Nisamehe."

Kisha nikasikia kiti kinasukumwa, na sauti yake ikawa mbali na simu. "Mama, hebu acha hilo begi kwanza. Buti zangu umeziweka wapi?"

Nilianza kulia, nikajifuta na ule mkono wenye utomvu, jambo ambalo simshauri mtu.

"Ngoja nikuambie lilipo," nikasema. "Kutoka kwenye jiwe unapanda hatua..."

"Shemeji!" akafoka, kwa sauti ile ya dereva wa lori ambayo sikuwa nimeisikia tangu masika. "Nyamaza hapo hapo. Usiniharibie."