Hatua Nane Kutoka kwa Chebet

…na hata sasa Chebet hageuki, amekaa tu kwenye kibao mbele ya nyumba yao, miguu haifiki chini, sweta ya kijani amevalishwa nyuma mbele kwa sababu nyanya yake haoni vizuri, na huo mgongo mdogo ameuelekeza huku, dirishani, kwa mama yake, Kavetsa, naye anamchungulia kupitia ufa kati ya pazia na ukuta, anahesabu tena hatua zilizo kati yao, nane, alizipima mwenyewe siku aliporudi kutoka hospitali kule Nairobi, leo ni siku ya tisa, zimebaki tano, na siku tano si kitu, watu hufunga arobaini, lakini mtoto wa miaka mitatu hana kalenda, ana mgongo tu… chumba chenyewe si chake, ni kile cha mwisho kwenye ploti, kilikuwa kitupu, mwenye ploti akamkubalia mumewe Kipkirui kwa wiki mbili, lakini huyo mkeo mwalimu asituletee ugonjwa hapa, na Kipkirui akaapa kwamba si ugonjwa, ni dawa, ingawa yeye mwenyewe hakuelewa ni dawa gani hii inayomfanya mtu aogopwe kama jiko la makaa, kidonge kimoja tu cha ayodini yenye mionzi, kilitolewa kwenye mkebe mzito, nesi akajitenga mlangoni, Kavetsa akakimeza kwa maji ya kawaida kabisa, kikashuka kwenda kuchoma mabaki ya kansa shingoni, na tangu hapo yeye ni taa, inawaka na haionekani, usimbebe mtoto, daktari alisema, usilale naye, usimpe kikombe chako, siku kumi na nne… kana kwamba hakuyajua, yeye aliyeyafundisha miaka kumi na moja, chaki mkononi, Form Four wakisinzia, jamani nguvu ziko nne tu, dunia nzima hii inaendeshwa na nguvu nne, kuna uvutano unaotuzuia kupaa kutoka mtaa wetu huu wa Langas hadi mawinguni, kuna sumakuumeme, mama wa mwanga na radi, inayoshika atomi na atomi, kuna nguvu kuu, inayobana chembe ziitwazo kwaki ndani ya protoni, na kuna nguvu dhaifu, na hapo darasa lote likaangua kicheko, Odera wa dawati la nyuma akasimama, "Madam, sasa hiyo ni nguvu ama ni udhaifu?" naye akacheka pia, akamjibu kwa methali, fimbo ya mbali haiui nyoka, hii haifiki mbali, haivuki hata kiini cha atomi, lakini Odera, ndiyo inayoigeuza neutroni ikawa protoni, kitu kikawa kitu kingine kabisa, na bila hiyo hata jua lisingewaka… sasa iko shingoni mwake inafanya kazi, polepole, ayodini inageuka ksenoni, nusu yake kwa siku nane, kila atomi inapogeuka inatema elektroni inayochoma papo hapo, halafu inatoa miale ya gamma, na gamma haikai, inapita nyama, inapita ngozi, inapita blauzi, haibishi hodi kwa mtu.

"Chebet, geuka uone mama," mama mkwe anasema huko nje, sauti yake ya kubembeleza, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, katikati ya magoti, "ako hapo kwa dirisha anakuangalia," na Chebet anatikisa kichwa, "Hapana," "Kwa nini sasa?" "Mama aliniambia toka," na Kavetsa anauma mdomo, kwa sababu ni kweli, alisema, juzi, mlango ulikuwa wazi apate hewa, mama mkwe alikuwa anamimina maziwa, mtoto akamponyoka, akaja mbio uani kote, kandambili moja ikabaki njiani, mikono juu tayari kwa kubebwa, akafika mlangoni kabisa, na Kavetsa akaruka nyuma akagonga ukuta, akapiga kelele, "Toka! Toka hapo!" kwa sauti anayofukuzia mbwa, na mikono ile miwili ikabaki hewani, haijui iende wapi… akafunga mlango, akavuta pazia hili zito la kahawia, akalibana kwa pini, hajalifungua tangu siku hiyo, ni kinga, alijiambia, ni kwa ajili ya mtoto, na akalia akiwa ameuma kona ya blanketi ili asisikike… angemwambia nini, kwamba hakuna anayemgusa mwenzake, hata zamani alipombeba mgongoni na kumnusa mafuta ya nywele, zilikuwa elektroni tu, zake na za mtoto, zinasukumana, kwamba huko kusukumana ndiko tunakoita kugusa, alifundisha hivyo pia na wanafunzi wakashangaa, ni kweli na haimsaidii mtu, mikono yake inamwasha kwa kumtaka mtoto huyu… afadhali kwaki, kwaki ukizivuta kuzitenganisha nguvu hailegei, huwezi kuipata moja peke yake, lakini watu si kwaki, mtu huzoea, mtoto huzoea upesi, jana usiku Kipkirui alisimama hapo nje akasema kwa sauti ya chini, "Analala vizuri siku hizi, hakuulizii tena," alidhani anamfariji, maskini.

Mama mkwe anaweka kibuyu chini, anainuka, magoti yanalia, kila siku anafanya hivi, anajaza mdomo mursik kidogo na kuirusha kuelekea dirishani, phuu, kama wazee wa kwao wanavyombariki anayesafiri, matone meupe hayafiki hata nusu ya ua, anasema maneno ya Kikalenjin ambayo Kavetsa, Mmaragoli wa kuolewa, anayashika nusunusu, kisha anamalizia kwa Kiswahili ili asipotee, "Mama Chebet, hiyo imekufika," na siku ya kwanza Kavetsa alicheka kwa ndani ya dirisha, "Mama, hiyo haiwezi fika huku," naye akajibiwa, "Wewe na masomo yako! Kwani hiyo dawa yako inafika huku aje?" na mwalimu mzima akajijibia moyoni… inafika aje, mama, inafika kwa fotoni, punje za mwanga, inazidi kupungua kadiri unavyosogea, ukiongeza umbali mara mbili inabaki robo, ndiyo maana hatua nane, hatua ndizo kinga, na siku ndizo kinga… jua limechomoza kati ya mawingu, mwanga unaingia kwa ule ufa, mstari mwembamba, unamlalia kidoleni, una joto, fotoni hizo, na gamma ni fotoni vilevile, nguvu ni ileile moja, sumakuumeme, ndugu wa tumbo moja, mmoja mpole na mmoja mkali, na yule mkali ukimwekea kitambaa anapita kama kuku kwenye lango lililo wazi, lakini yule mpole… Kavetsa anatazama pazia, anatazama kidole, anatazama pazia… sasa hili limezuia nini, siku mbili hizi? Halijazuia gamma hata moja. Limezuia uso wake tu, kitu pekee kilichokuwa na ruhusa ya kuvuka ua… mganga hajigangi, kweli, mwalimu wa fizikia kujificha gamma nyuma ya kitambaa, Odera angecheka hadi aanguke kwenye dawati, na yeye mwenyewe anacheka, machozi yanamtoka, anatafuta pini kwa vidole, hii ya juu, hii ya katikati, hii iliyopinda, na pazia linakwenda upande mmoja na mwanga unamjaa usoni hadi anafumba macho, anayafumbua, mama mkwe amesimama, mkono mdomoni, Chebet bado amempa mgongo, sweta bado nyuma mbele, hatua ni nane zilezile na siku ni tano zilezile, na Kavetsa anasimama katikati ya dirisha, uso wote nje, hasogei, ili popote mtoto atakapogeukia kuangalia, amkute.